Uwanja wa Vidudu na Nyasi za Ma Kokunura

Siku Kemi alipoanguka tulikuwepo hawa: Mwalimu Mkuu Magesa, aliyekuwa amehamia kwetu mwaka huo kutoka Mara, Ta Kaijage, mjumbe wa nyumba kumi, amevaa koti lake la vikao ingawa jua lilikuwa kali, Ma Spesioza, mlezi wa watoto wa vidudu, wale ambao hawajaanza darasa la kwanza, na ndiye aliyenifundisha kazi, watoto wa vidudu wote isipokuwa wawili waliolala na homa, Ma Kokunura, ameketi kwenye kigoda chake katikati ya uwanja, Kemi mwenyewe, mjukuu wake, na mimi Ansila, nimeshika ncha ya kamba ya kuanzia. Nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja alisimulia kwa namna yake, na ambao hawakuwepo wakasimulia zaidi yetu.

Nitafika kwenye siku hiyo. Ninyi walezi vijana mliochukua darasa langu mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa, na kazi haikuanzia hapo. Vyeo na mishahara nitaviruka. Havikuwa vingi kiasi cha kujaza ukurasa.

Nilizaliwa upande wa Songambele. Mama alitangulia, baba akafuata, na mimi nikiwa mkubwa wa watoto wanne niliacha shule darasa la nne. Shangazi alituchukua huku Nyakasimbi akatupa chumba kimoja na upande wa kibanja chake, yaani shamba la migomba na kahawa. Nililima, nikachuma kahawa yake na ya majirani, nikawalea wadogo zangu. Mwaka 1978, vita ilipoanza, watu wa mpakani walikimbilia kwetu na watoto wao, na shule yetu ikatafuta mtu wa kuwapikia uji. Nilikwenda na mdogo wangu wa mwisho, Jasto, mgongoni.

Ma Spesioza alinipokea jikoni. Alikuwa ameletwa huku na wazazi wake kutoka Rwanda akiwa binti mdogo, wakawa vibarua katika migomba ya watu, na yeye akaishia kuwa mlezi kwa sababu watoto walimfuata popote alipokwenda.

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba, mwanangu. Unajua kupika uji wa watu wengi?"

"Najua uji wa watu wanne."

"Basi ongeza maji," akasema. Mahojiano ya kazi yakaishia hapo.

Wiki za kwanza sikuona kazi nyingine zaidi ya sufuria. Watoto wa wakimbizi walikaa wamejipanga kando ya ukuta wa darasa, migongo imegusa tofali, wakitazama njia. Uji walikuwa wanauonja na kuuacha. Nilidhani mapishi yangu ni mabaya, nikaongeza sukari hadi mwalimu wa stoo akalalamika. Ma Spesioza akaniambia niache sukari, nikatafute majani makavu ya migomba.

Aliyakunja, akayakaza, akayafunga kwa kamba za mgomba hadi ukatoka mpira wa ukubwa wa boga changa. Mpira wa watoto wadogo usiwe mkubwa kuliko kichwa chao, alisema, na ndani uwe laini, ili ukimpiga mtoto usoni acheke. Usiuache nje usiku. Ukilowa umande unakuwa jiwe. Akaurusha mbele ya wale watoto wa ukutani na kuondoka zake, kana kwamba umemponyoka. Muda mrefu hakuna aliyeugusa. Kisha msichana mmoja akausogeza kwa kidole cha mguu, mwenzake akausogeza zaidi, na kabla uji haujachemka ukuta ulikuwa mtupu. Siku hiyo walimaliza sufuria. Mwalimu wa stoo akalalamika tena.

Kanuni ya kwanza niliyojifunza ni hiyo, na hadi leo sijaona ikishindwa: michezo kwanza, uji baadaye. Mtoto aliyecheza anakula, na mtoto aliyekula anasikiliza.

Baada ya vita wakimbizi walirudi kwao, mimi nikabaki, kwanza jikoni, kisha darasani kama msaidizi wa Ma Spesioza. Alinipa pini moja ya kushikiza na kichupa cha mafuta ya taa. Nilidhani pini ni ya nguo.

"Mtoto asiyetaka kukimbia, wewe utasemaje?" aliniuliza.

"Mvivu."

"Mtazame miguu."

Nilitazama. Kila asubuhi tuliwapanga watoto kwenye kizingiti na kuwatoa funza kwenye vidole, mmoja mmoja, na kila aliyeitwa mvivu nyumbani kwao alikuwa na sababu yake chini ya kucha. Wengine walikimbia wiki ileile. Nimetumia pini nyingi tangu wakati huo, na neno mvivu sijalihitaji.

Jambo jingine alilonionyesha lilinishangaza zaidi, kwa sababu lilinihusu. Watoto wetu walikuwa hawajui kukimbia mikono mitupu. Tangu wanapoanza kutembea vizuri wanabeba: dumu la maji kutoka bondeni, mzigo mdogo wa kuni, mdogo wao mgongoni. Ukiwaambia kimbieni, walikimbia mabega yamepanda na mikono imeshika kitu kisichokuwepo. Ma Spesioza aliwafundisha kuizungusha mikono, kuipunga, kuiacha ining'inie. Mimi nilifundishwa pamoja nao. Nilikuwa msichana mkubwa, na nakumbuka nilivyoona haya nilipogundua kwamba hata mimi nakimbia kama mtu aliyebeba Jasto.

Lakini kabla ya kukimbia, alifundisha kuanguka. Huo ndio ulikuwa ufundi wake hasa, na sijauona kwa mlezi mwingine. Mtoto mpya akija, hapewi mpira wala kamba. Anapelekwa kwenye nyasi na kuambiwa aanguke. Aanguke kwa upande, aanguke kwa makalio, ajiviringishe kama gogo, kisha ainuke mwenyewe. Sisi walezi tulikatazwa kumwinua. "Ukimwinua," alisema, "amejifunza kukungoja." Baada ya siku kadhaa mtoto anaanguka na kuinuka akicheka, na hapo ndipo anaruhusiwa kushindana. Mashindano yenyewe yalikuwa ya kwenda na kurudi tu, wa mwisho anapigiwa makofi kama wa kwanza. Wazazi wengine walituuliza ni mchezo gani huo usio na mshindi. Ma Spesioza aliwajibu kwamba mshindi ni yule atakayekuja kesho.

Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, changu cha Kinyambo, na watoto wa vibarua wa Kirundi walikuja na chao. Uwanjani hatukuwa na muda wa kuchekana. Mtoto akitaka mpira anautaja, na anayemsikia anampa. Watoto ambao nyumbani wazazi wao hawakualikana walishikana mikono kuvuta kamba, na ukiwa umemshika mwenzio kiuno kuvuta kamba ni vigumu kukumbuka babu yake alitoka wapi.

Miaka ikapita hivyo. Katikati ya miaka ya themanini nikaanza kuona badiliko mlangoni: watoto walikuwa wanaletwa na bibi zao. Kwanza mmoja, kisha wengi. Hatukuuliza sana, ugonjwa ule tuliujua, na kila nyumba ilikuwa na kaburi jipya kwenye migomba. Watoto hao nao walikaa ukutani. Mimi niliwafahamu kuliko mtu yeyote, kwa sababu najua ukutani panakaaje. Niliwatengenezea mpira.

Mmoja wa bibi hao alikuwa Ma Kokunura. Alikuwa mjane mwenye kibanja kikubwa, migomba mizito, kahawa ya kutosha, na ulimi ambao vibarua wake waliuogopa kuliko mvua ya mawe. Alikuwa amezika watoto wake wote. Aliyebaki ni Kemi, mjukuu wa miaka mitano, na Kemi hakuwahi kukanyaga nje ya ua. Alibebwa mgongoni kwenda kanisani, kwenda sokoni, kwenda kisimani. Miguu yake ilikuwa mizima kabisa, imelainika tu kama ya mtoto mchanga. Ma Kokunura alimleta vidudu mara chache, akakaa naye darasani amempakata, na muda wa michezo ukifika alimfunga mgongoni na kuondoka.

"Mwache acheze kidogo, Ma," nilimwambia siku moja.

"Wako wacheze. Wa kwangu haanguki."

"Mwakani anaanza kukaribia darasa la kwanza. Atapandaje kilima?"

"Nitampandisha mimi."

"Hata akiwa darasa la saba?"

"Ansila," akaniambia, "wewe ulimbeba mdogo wako hapa mbele ya macho yangu mpaka miguu yake inaburuza chini. Leo umekuwa mwalimu wa kushusha?"

Ilikuwa kweli.

Mwaka huohuo shule ilijenga darasa jipya pale tulipokuwa tunachezea. Mwalimu Magesa, mtu mwema na mwenye haraka, alitazama ng'ambo ya njia, akaona rweya, yaani ile mbuga ya nyasi isiyo na migomba, akadhani haina mwenyewe. Ma Spesioza na mimi tulikuwa tumekwenda mazishini Kituntu. Mwalimu akawatoa darasa la sita na mafyekeo, na tuliporudi tulikuta kipande kizuri kimefyekwa, cheupe, tambarare, kimepigwa hadi chokaa.

Mtu wa kwetu hangefanya hivyo. Rweya ni ya wote, lakini kila nyumba inajua upande wake wa kukata nyasi, na ingawa hakuna mpaka, hata mtoto anaujua. Kipande kile kilikuwa cha Ma Kokunura. Alikuwa anakitunza kwa nyasi laini za kutandika sebuleni wakati wa sikukuu na wageni wakubwa, nyasi ambazo mgeni akikaa juu yake anajua amepokewa. Alikuwa hajakikata tangu msiba wa binti yake wa mwisho, akikiacha kirefuke.

Asubuhi iliyofuata alikuja na kigoda, akakiweka katikati ya uwanja mpya, akaketi, Kemi mgongoni.

"Mama, kuna tatizo gani?" Mwalimu Magesa akamuuliza.

"Hakuna tatizo. Nangoja nyasi zangu ziote."

"Lakini nyasi ni nyasi tu, mama. Ziko kila mahali."

"Huko kwenu nyasi ni za ng'ombe, Mwalimu. Hapa ni za watu. Ukikaribishwa kwangu utakaa juu ya nini? Juu ya chokaa?"

Akaja kesho yake, na kesho kutwa. Mwalimu akamwita Ta Kaijage. Ta Kaijage akavaa koti, akaongea sana kuhusu maendeleo ya kijiji, akatafuna punje za kahawa alizopewa na Ma Kokunura mwenyewe, akaenda nyumbani. Watoto walikosa kucheza, uji ukaanza kubaki kwenye sufuria.

Aliyevunja mkwamo huo ni Ma Spesioza. Alimwendea pale kwenye kigoda, akachuchumaa, akamsalimia kwa heshima zote, kwa neno letu la kumwita mkubwa.

"Waitu, kaa tu. Ila nina shida. Sina nguzo ya kugeuzia."

"Nguzo gani?"

"Watoto wanakimbia kutoka kwenye kamba, wanazunguka nguzo, wanarudi. Nguzo zangu zimebaki kule walikojenga darasa."

"Unataka nisimame niwe nguzo?"

"Hapana, waitu. Hata ukikaa unatosha."

Ma Kokunura alimtazama. Nadhani alikuwa anaamua kama ametukanwa. Kabla hajaamua, Ma Spesioza alikuwa ameshapiga kofi na watoto wanakuja. Walimzunguka wakimgusa mabega, magoti, kitambaa cha kichwa. Mmoja akamsalimia kila alipozunguka, shikamoo, shikamoo, shikamoo, naye kwa adabu ilimbidi aitikie kila mara hadi akachoka akacheka. Na Kemi, kule mgongoni, alikuwa anageuza kichwa kuwafuata, kulia, kushoto, hadi kanga ikalegea.

"Nishushe," akasema.

"Tulia."

"Bibi, nishushe nami nizunguke."

Siku hiyo hakushushwa, wala iliyofuata. Lakini aliendelea kuomba, na mtoto anayeombea sikioni mwako kutwa nzima si mwepesi kumbeba. Mwishowe Ma Kokunura akaita kikao palepale uwanjani. Alisema Kemi atashuka. Akikimbia kama wenzake bila kuumia hadi msimu wa senene, shule ichukue uwanja. Lakini siku atakayotoka damu, hata tone, kipande kinarudi kuwa nyasi zake, na Kemi harudi vidudu tena.

"Haki kabisa!" akasema Mwalimu Magesa, na kumshika mkono.

Ma Spesioza alifumba macho. Mwalimu alikuwa msomi mzuri wa hesabu, lakini hakuwa amewahi kukaa na watoto wa miaka mitano. Mimi na Ma Spesioza tulijua tumepoteza uwanja, na tumempoteza Kemi. Tulichokuwa hatujui ni siku.

Tulifanya tulichoweza. Tulimfundisha Kemi kuanguka. Hakuna mtoto niliyemfundisha kwa bidii kama yule. Kila asubuhi, kwenye nyasi ndefu pembeni, nyuma ya mgongo wa bibi yake: upande, makalio, gogo. Mwanzoni alianguka kama gunia la kahawa. Alinyoosha mikono anyanyuliwe, nami nikaweka yangu nyuma, na hilo lilinigharimu, kwa sababu mikono yangu imezoea kunyanyua. Baadaye akaanza kujiviringisha, akaanza kucheka, na miguu ikakaza. Alikuwa anakimbia vibaya sana, magoti yanagongana, na hakuna aliyefurahia kukimbia kuliko yeye.

Hivyo ndivyo tulivyofika siku ile. Senene walikuwa wamekaribia. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Ta Kaijage alikuja kuthibitisha, ndiyo maana ya koti. Tuliweka kamba chini, Ma Spesioza akapiga kofi, watoto wakatoka. Kemi alikuwa wa mwisho, kama siku zote. Alipokaribia kigoda alimtazama bibi yake badala ya kutazama chini, akakanyaga kisiki cha nyasi iliyofyekwa, akaenda chini.

Aliviringika vizuri. Nasema hivyo kama fundi. Lakini goti lilipita juu ya kisiki, na alipokaa tuliona sote: mstari mwekundu unashuka hadi kwenye kifundo.

Watoto wengine waliendelea kukimbia kurudi kwenye kamba. Ma Kokunura alikuwa ameshanyanyuka, mikono imenyooka mbele. Mimi niliachia kamba. Kemi alitazama goti, akatazama mikono ya bibi yake, akatazama wenzake waliokuwa wamemtangulia. Akainuka. Akamzunguka bibi yake, kwa sababu ndivyo mchezo unavyotaka, akimgusa kiuno, akarudi kwenye kamba anachechemea na kupunga mikono miwili mitupu. Alifika wa mwisho. Watoto wakampigia makofi kama kawaida, kwa sababu kwao hakuna kilichotokea.

Ma Kokunura alibaki na mikono yake hewani. Polepole akaishusha.

Ta Kaijage akakohoa. "Ma Kokunura, makubaliano yalikuwa..."

"Nayajua."

"Mtoto ana..."

"Ana nini?"

"Kwenye goti."

Ma Kokunura aliinama akatazama kutoka mbali, kama mtu anayetazama ng'ambo ya mto. "Huo ni udongo," akasema. "Udongo wetu ni mwekundu. Au wewe Kaijage umesahau?"

Ta Kaijage alivuta koti lake, akatazama goti, akatazama mbingu. "Hata mimi naona udongo."

"Lakini jamani," Mwalimu Magesa akaanza, "mtoto anatoka da..." Hakumaliza. Ma Spesioza alikuwa amemkanyaga mguu kwa kisigino.

Nililisafisha goti la Kemi jikoni kwa maji ya chumvi. Hakulia. Aliniuliza kama kesho atakimbia tena, akamaliza uji bakuli mbili.

Jioni Ma Kokunura alichukua kigoda chake. Alitwambia uwanja ni wa watoto, asisikie mtu akiuita wa shule. Lakini nyasi zake zilizofyekwa alisema hazisamehe. Hilo ni deni. Siku Kemi atakapotolewa kwenda kuolewa, shule ije itandike nyumba ya bibi yake kuanzia mlangoni hadi chumba cha ndani, nyasi laini za rweya, zilizokatwa kwa mundu na kuletwa vichwani. Mwalimu Magesa akamshika mkono tena. Safari hii alimtazama kwanza Ma Spesioza.

Mwalimu alihamishwa. Ta Kaijage alifariki, akazikwa na koti. Katikati ya miaka ya tisini ndugu wengi wa Ma Spesioza walirudi kwao, naye akaenda na wanawe. Aliniachia kamba, na maneno mawili ya kazi: watazame miguu. Baada ya hapo nilifundisha mwenyewe, watoto wengi wa ukutani, na wengi waliondoka ukutani. Kemi alipanda kilima kwa miguu yake hadi darasa la saba, akaendelea. Sasa ni muuguzi huko Kayanga. Ana haraka ya kila kitu isipokuwa kuolewa, na kwa miaka mingi deni hilo halikutusumbua.

Mwezi uliopita washenga walifika. Kemi alinipigia simu mwenyewe, akicheka: "Mlezi, tafuta mundu."

Nimeitembea rweya yote. Upande mmoja wamepanda miti, upande mwingine mihogo, na zile nyasi laini zimekuwa adimu. Nilikata bondeni fungu moja nililoliona zuri, nikampelekea Ma Kokunura alione kabla hatujaanza. Hasikii vizuri siku hizi na macho yamefifia, lakini aliliweka mapajani, akalipapasa, akavuta unyasi mmoja na kuutafuna.

Akanirudishia fungu lote.

"Hizi za bondeni," akasema. "Wape walezi wako vijana mundu, mkatafute za rweya."